Kibao Bado Kiko Getini

"Mfumo hauna mdomo!" nilimwambia binti yangu Asenath, aliyekuwa akidai kosa ni la mfumo, nikaitua sufuria ya mboga kwa kishindo. "Mwenye mdomo ni yule mzee wa mapokezi aliyesema hoteli imejaa."

"Mathe, alikuwa mfanyakazi tu. Angekataa, angefutwa."

"Basi afutwe!"

Tulikuwa tumetoka kanisani, tukala, tukatazama filamu aliyoichagua kwenye kompyuta. Mwanamke Mweusi na watoto wawili kwenye mvua, hoteli ya Wazungu, funguo zimening'inia ukutani nyuma ya yule mzee. "Tumejaa," anasema. Baadaye mzee anaugua, mwanamke yule yule anamuuguza, mzee analia, wanakumbatiana, kinanda kinalia. Kwisha. Asenath alitokwa na machozi. Mimi nilitaka kurusha kandambili.

"Kila mara ni hivyo," nikaendelea. "Mwenye kosa akilia kidogo, tunamhurumia yeye. Yule mama na watoto walilala wapi? Hatukuonyeshwa. Ningekuwa mimi pale, ningempa ufunguo."

"Ungempa?"

"Mchana kweupe."

Asenath akafunga kompyuta. "Na Nyawira je?"

Nikajifanya natafuta mwiko.

Mimi ndiye msimamizi wa ploti hii ya vyumba vya kupangisha hapa Tassia. Kwa kazi hiyo tunaishi chini bila kulipa kodi. Mwenye nyumba, Bwana Kitonga, ana sheria moja ambayo hajaiandika popote: kitambulisho kwanza, mengine baadaye. Jina likionyesha kabila asilolitaka, chumba kimechukuliwa. Jana Nyawira alikuja na mtoto mgongoni kuulizia chumba cha orofa ya tatu. Nikasoma kitambulisho chake, nikamrudishia, nikamwambia pole, kimechukuliwa asubuhi. Akasema pale anapokaa ametakiwa ahame kufikia Jumatatu. Akaniachia namba ya simu, endapo kingine kingepatikana. Halafu akanishukuru. Akanishukuru!

"Nilikuwa kwenye ngazi naanika nguo," Asenath alisema. "Na kibao cha 'Nyumba ya Kupangisha' bado kiko getini. Alipita chini yake akitoka."

"Kitonga angenifukuza. Wewe ungelala wapi?"

"Si umesema afutwe?"

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nikapangusa mikono kwa leso, nikachukua simu.

"Nyawira? Ni Mama Asenath, wa Tassia. Jana nilikudanganya. Chumba kiko. Lete vitu vyako leo leo."

Nilisikia mtoto wake akilia. "Kweli, mama?"

"Kweli. Na tafadhali usinishukuru."

Nikampigia Kitonga kabla moyo haujapoa.

"Cha orofa ya tatu nimepangisha."

"Safi sana. Kitambulisho kinasema nani?"

"Nyawira."

"Mama Asenath! Si tulikubaliana? Unajua mimi sina ubaya na mtu, ni vile wapangaji wengine..."

"Wapangaji hawajawahi kuniuliza. Wewe ndiye huuliza, na mimi ndiye hujibu. Nimechoka kujibu. Ukitaka kunifukuza, njoo kesho tuongee, lakini yeye anaingia leo."

Nikakata simu.

"Usikae hapo ukinitazama kama filamu," nilimwambia Asenath. "Beba kiti."

Tukatoka hadi getini. Akakishikilia kiti, nikapanda, nikang'oa kibao.