Kipengele cha Tisa

Karatasi ile ililetwa nyumbani kwangu Segerea siku ya Ijumaa, ndani ya begi la mjukuu wangu Hope, anayesoma darasa la kwanza. Juu yake iliandikwa "Orodha Hakiki". Chini yake kulikuwa na vipengele kumi na viwili na safu mbili: moja ya shuleni, ambayo mwalimu alikwisha kuijaza, na nyingine ya nyumbani, iliyoachwa wazi kwa ajili ya mlezi. Maelekezo yalikuwa mafupi: mwangalie mtoto kwa wiki moja, kisha weka alama ya vema pale tu ulipoona jambo kwa macho yako.

Binti yangu Kokushubila, mama yake Hope, huondoka alfajiri kwenda ofisini kwake Ubungo na kurudi jua likizama. Mumewe yuko kazini Mwanza. Kwa hiyo aliniwekea karatasi mezani.

"Baba, wewe ndiye unayeshinda naye. Jaza wewe."

Nilifundisha kwa miaka thelathini na saba, na katika hiyo, ishirini nilikuwa mwalimu mkuu. Hakuna mwanafunzi aliyepata kwangu alama ambayo hakuitolea jasho. Niliichukua kazi ile kwa moyo mkunjufu, hadi jicho langu lilipofika kwenye kipengele cha tisa: "Husimulia tukio kwa hiari yake, bila kusukumwa." Kwenye safu ya shuleni, Mwalimu Wahiba alikuwa ameweka vema, tena si moja. Aliweka vema nne, kila moja na tarehe yake, na pembeni akaandika kwa mwandiko mdogo: "Huchekesha darasa zima."

Niliisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Hope aliyekuwa akiishi chini ya paa langu alikuwa na maneno mawili: "Ndiyo, Babu" na "Hapana, Babu". Nilidhani ni mtoto mpole, na upole ule nilijivunia kama matunda ya malezi yangu. Sasa msichana wa miaka ishirini na mitatu, binti wa mwenye duka la vitambaa, mwalimu wa kujitolea ambaye hata ajira hakuwa nayo, alikuwa ananiarifu kwa maandishi kwamba mjukuu wangu huchekesha watu.

Nilianza kumwangalia mtoto kama nilivyoelekezwa. Kila jioni, baada ya chai, nilimwita sebuleni.

"Hope. Simama wima. Mikono nyuma. Nisimulie jambo la leo."

"Tumesoma, Babu."

"Sentensi kamili."

"Leo sisi tumesoma darasani, Babu."

"Halafu?"

Halafu ilikuwa kimya. Macho yake yalitulia kwenye vidole vya miguu yangu hadi nilipomruhusu aende. Ndivyo nilivyofunzwa mimi kule Bukoba, na ndivyo nilivyowafunza maelfu: mtoto husema akiulizwa, naye husema akiwa amesimama. Kwa siku saba nilimwita mara saba.

Nilichokisikia, nilikisikia kupitia ukuta. Jikoni, akimsaidia mama yake kuchambua mchele, sauti yake ilitiririka chini chini, na ndani yake jina moja lilirudi kila mara. Madam kasema maji yachemshwe. Madam ana mtandio wa njano. Madam kaniambia nikae karibu naye. Siku moja nilihesabu, nikafika kumi na nne kabla sijaingia jikoni kutafuta kijiko nisichokihitaji. Sauti ilikatika.

"Mlikuwa mnazungumza nini?" niliuliza.

"Hamna kitu, Babu," alisema Hope, akasimama.

Nitasema ukweli, kwa kuwa hadithi hii haina faida bila ukweli: nilimwonea wivu yule binti. Nilimwonea wivu kwa mtandio wake wa njano, kwa miaka yake michache na kwa mtoto kutamka jina lake bila kuombwa. Mtu aliyewahi kushika shule nzima mkononi kuwaonea wivu vijana si jambo la heshima, na kwa sababu hiyo niliupa wivu wangu jina jingine. Niliuita uadilifu wa kitaaluma.

Jumapili usiku nilijaza karatasi kwa peni nyekundu. Kipengele cha tisa nilikiwekea alama ya kosa. Nilijumlisha, nikaandika chini: saba kwa kumi na mbili.

Kokushubila aliichukua, akacheka kidogo, kisha akaacha. "Baba, huu siyo mtihani."

"Kila kitu ni mtihani."

"Na hapa umeandika 'Ongeza bidii'. Nani aongeze, Hope au huyo Madam?"

Kichwani nilikuwa tayari natunga barua.

Mimi ni mjumbe wa Kamati ya Shule, na kamati ilipangwa kukutana Ijumaa iliyofuata. Miongoni mwa mambo yaliyokuwa mbele yetu ni walimu wa kujitolea: nani aendelee na nani ashukuriwe aende. Niliandika kurasa mbili, nikamwelekezea mwalimu mkuu. Nilieleza kwamba Mwalimu Wahiba hugawa alama za vema bila ushahidi ili kuwafurahisha wazazi, kwamba nimethibitisha hayo kwa uchunguzi wa siku saba, na kwamba sioni sababu ya kumbakiza darasani. Nilijua uzito wa sahihi yangu. Mjumbe mwingine angeandika vile, wangejadili. Nikiandika mimi, wanakubali.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Herieth, nilimfundisha mwenyewe darasa la saba. Aliniita ofisini Jumatano asubuhi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta kosa, nikukomoe kwa zile insha ulizonirudishia mimi zimejaa wino mwekundu. Sikuliona."

"Na hulioni kwa sababu halimo."

"Mara ya pili ndipo nikaliona." Aliikunja barua, akaiweka juu ya faili. "Umewahi kukaa darasani kwake?"

"Sijakaa."

"Ungekuwa mkaguzi, Mwalimu, ukaandika ripoti ya darasa ambalo hukulikanyaga, ungejipa ngapi?"

Alitamka hayo kwa adabu zote, macho yakiwa chini. Alinipeleka hadi kwenye mlango wa nyuma wa darasa, ili watoto wasinione, akaniacha kwenye kiti kilichokuwa nyuma ya kabati.

Watoto walikuwa themanini na mmoja, wengi wao wameketi juu ya mikeka kwa uhaba wa madawati. Wahiba alizunguka kati yao akiwa na ubao mdogo uliobanwa karatasi. Aliponiona alishtuka, akaja akiwa ameinama.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Nipe karatasi zako nizione."

Alinipa zote. Nitakiri kwamba nilizipekua kwa tamaa, nikitafuta ulegevu. Alikuwa akiangalia watoto watano tu kwa siku, na majina yao yaliorodheshwa mapema ili asimsahau mtu. Hakuna vema isiyokuwa na tarehe. Kuna mtoto aitwaye Elibariki. Kwenye kipengele cha tisa, badala ya vema, palikuwa na maneno "Bado sijaona" mara tano, kwa wiki tano tofauti. Mama yake Elibariki ndiye hupika uji wa shule, na kila asubuhi humwekea Wahiba kikombe. Mtu wa kufurahisha wazazi angeanza na huyo.

Niliendelea kupekua. Nilitamani kosa moja tu.

Wakati huo sauti niliyoifahamu ilianza kusikika mbele. Hope alikuwa ameketi mkekani, amekunja miguu, wenzake wanane au tisa wamemzunguka. Mikono yake ilikuwa hewani.

"Nyie, sikilizeni. Kuku wa mama Tabu akaingia kwetu sebuleni. Akapanda juu ya redio ya babu yangu. Sasa Babu akaja." Alivuta shingo, akakunja uso, akashusha miwani isiyokuwapo hadi nchani mwa pua. Nilijiona mimi mwenyewe. "Babu akamwambia, 'Shuka hapo mara moja.' Kuku akamwangalia hivi. Babu akamwambia, 'Simama wima.'"

Watoto waliangua kicheko.

"Halafu kuku akafanyaje?" aliuliza mmoja.

"Akanyea redio."

Hapo hata waliokuwa mbali waligeuka. Mtoto mmoja alilala chali kwa kucheka. Hope alisubiri wamalize. Alijua kusubiri; hilo sikumfundisha.

"Babu akatoa ndala akamkimbiza mpaka kwa mama Tabu. Na mguu mmoja peku. Mama Tabu akamwambia, 'Shikamoo Mwalimu,' Babu akasema, 'Marahaba,' huku anahema."

Ilikuwa kweli yote. Ilikuwa miezi miwili iliyopita, na nilidhani hakuna aliyeona.

"Sasa huyo kuku hamwogopi babu yako?" aliuliza yule yule.

"Kuku hamwogopi," alisema Hope. "Mie ndo namwogopa."

Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anavyotaja mtaa anaokaa. Wenzake walicheka tena. Mimi nilisogea kitini na kiti kikalia. Hope aligeuka, akaniona.

Aliinuka. Aliweka mikono nyuma. Uso wake ulifungwa, na yule mtoto niliyekuwa nikimtazama akatoweka mbele ya macho yangu, akabaki yule wa sebuleni.

"Shikamoo, Babu."

Watoto wote walinyamaza na kunitazama. Nilifundisha miaka thelathini na saba, na ukimya wa namna ile nilikuwa nikiupenda.

Wahiba alinifuata nje barazani.

"Babu, samahani. Hadithi ya kuku, sikujua kwamba ungeisikia."

"Nimeandika barua utolewe. Unajua?"

"Mwalimu mkuu kaniambia." Aliushusha ubao wake mdogo, akaendelea. "Karatasi yako pia nimeiona. Hukukosea, Babu. Hujaona, umeandika hujaona. Ndivyo tunavyotaka. Ila zile maksi tu ndizo hazihitajiki."

"Safu mbili zinapingana. Mmoja wetu ni mwongo."

"Hapana. Zikipingana hatutafuti mwongo. Tunauliza hapa kuna nini ambacho kule hakuna."

"Na hapa kuna nini?"

"Mie siwezi kukuambia hilo, Babu. Wewe ni mkubwa kwangu."

"Nimekuuliza. Jibu."

Aliutazama ubao wake mdogo. "Hapa anaongea akiwa amekaa."

Ningependa kuandika kwamba wivu uliniisha pale barazani. Haukuniisha, uliongezeka, kwa sababu sasa ulikuwa umenyimwa kisingizio. Alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho, na alikipata kwa njia ya halali.

Mwalimu Herieth alikuwa akiningoja ofisini. Aliniambia barua bado haijaingizwa kwenye faili la kamati, na kwamba nikitaka anaweza kunirudishia, yakaishia pale. Nilimshukuru, nikakataa. Ningeichukua kimyakimya, Wahiba angebaki kwa huruma ya mwanafunzi wangu wa zamani, na mimi ningebaki msafi. Nilimwambia aipeleke.

Ijumaa barua ilisomwa mbele ya wajumbe wote. Walitikisa vichwa kukubali, kama nilivyojua. Mjumbe wa kwanza alikuwa tayari anapendekeza binti ashukuriwe. Nilisimama. Niliwaambia kwamba barua ile ni yangu na ni ya uongo. Kwamba niliandika juu ya darasa nisilolikanyaga. Kwamba nilikwenda baadaye, nikakuta kazi iliyofanywa kwa uangalifu kuliko yangu ya siku saba.

"Kwa hiyo, Mwalimu, ulipotoshwa?" aliuliza mwenyekiti, akinipa njia.

"Sikupotoshwa. Nilimwonea wivu, kwa sababu mjukuu wangu anazungumza naye na hazungumzi nami."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mjumbe mmoja alikohoa. Baada ya hapo jina la Wahiba liliulizwa tena, akapitishwa kuendelea, na mwenyekiti akahamia haraka kwenye suala la vyoo.

Nilimpitia Hope darasani. Alikuwa mlangoni, ameushika mtandio wa Wahiba kwa ncha, anamweleza jambo refu lenye paka ndani yake. Nilisimama mbali, begani nimetundika begi lake. Kila neno lililotoka lilinichoma, lakini nilingoja likaisha, na jingine likaisha. Wahiba aliniona, akataka kumnyamazisha. Nilimpa ishara amwache.

Tuliondoka. Kawaida Hope hutembea nyuma yangu hatua mbili. Nilipunguza mwendo, akapunguza pia, hadi ikawa aibu kwetu sote, ndipo akanifikia ubavuni. Sikumwuliza jambo la leo. Tulipovuka barabara, nilianza mwenyewe.

"Mimi nilikuwa namwogopa baba yangu," nilisema. "Akiingia, hata kikohozi nilikimeza."

Tulipita genge la nyanya na fundi wa baiskeli. Nikajua kwamba mambo ya miaka sita hayawezi kufutwa kwa sentensi moja, hata iwe kamili namna gani.

"Alikuwa na fimbo?"

Aliuliza akiwa anatembea, akitazama mbele, mkono mmoja ukiburuzika kwenye ukuta wa nyumba ya watu. Swali si simulizi, na kwa haki ya kipengele chenyewe nisingeweza kuliwekea vema.

"Alikuwa nazo mbili," nilimjibu.

"Ya pili ya nini?"