Chumvi Haiendi na Mvuke

Kazi yetu maabarani ni kuwapasha joto kamba wa bahari mpaka wapinduke. Tunaongeza digrii moja kila nusu saa. Kamba akilala chali akashindwa kujigeuza, tunaandika namba na kumtoa. Si kazi ya kumsimulia mtoto kabla ya kulala, lakini wafugaji wanataka kujua mbegu ipi itahimili kiangazi.

Nilipokwenda likizo ya wiki tatu nilimwachia shemeji matangi. Kazi nilimtafutia mimi, baada ya kaka yake, mume wangu, kuniimbia wimbo huo mwaka mzima. Nilimwonyesha chakula, vichujio, vipimajoto. Kitu kimoja sikukitaja: maji yakipungua kwa mvuke chumvi hubaki, kwa hiyo unajazia maji yasiyo na chumvi. Kwangu hilo lilikuwa kama kumkumbusha mtu apumue.

Shemeji alijazia maji ya bahari. Kamba wa bahari, maji ya bahari. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Siku ya kipimo, kamba waliozoea kufika thelathini na tisa walianza kupinduka kwenye thelathini na sita. Mkuu wa maabara akatazama daftari.

"Mbegu legelege. Ijumaa mwageni wote."

Mbegu ile tulikuwa tumeilea miaka minne, kizazi baada ya kizazi. Nikapima chumvi: gramu arobaini na nne kwa lita, badala ya thelathini. Nikamwonyesha mkuu.

"Nani hakumweleza huyu?" akauliza, akimnyooshea shemeji kidole.

Nikafungua mdomo. Shemeji akaniwahi.

"Nilielezwa, bosi. Nikasahau."

Nikaufunga mdomo. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Jioni hiyohiyo akarudisha koti jeupe la maabara, kazi ikaishia hapo.

Tulishusha chumvi taratibu, tukawapumzisha kamba wiki mbili, tukapima upya. Jumapili shemeji akaja kula kwetu kama kawaida. Mume wangu alikuwa bado anamsuta.

"Kujazia maji tu, ndugu yangu, kumekushinda?"

Shemeji akacheka, akanigeukia. "Hebu niambie, wale watu wangu wamefika ngapi?"

"Thelathini na tisa na nusu."

Akapiga meza kwa furaha. "Si nilisema! Wale si legelege."

"Mshukuru shemeji yako," mume wangu akamwambia, "ndiye aliyewaokoa."

"Asante, shemeji," akasema, na alimaanisha.

Nikainuka, nikaanza kuondoa sahani kabla watu hawajamaliza kula.