Nahodha kwenye Fomu

Tangu timu ipige kura, Linnea Haugstad hakutulia. Akikaa mezani, goti linamcheza. Akifungua kitabu, anasoma ukurasa uleule mara tatu asijue umesema nini.

Septemba, kocha wa shule yao pale Duluth, mji wa kaskazini mwa Marekani, alimwambia asiwe na wasiwasi, unahodha wa timu ya skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, msimu huu ni wake. Linnea alikuwa ameteleza na timu miaka mitatu bila medali hata moja, na fomu ya maombi ya chuo ilikuwa na nafasi ya kuandika mchezo na cheo chako. Akaandika: nahodha. Akatuma. Novemba mazoezi yalipoanza, kocha akabadili mawazo, akawaachia wasichana wachague wenyewe. Wakamchagua mwenzao Signe, tena kwa kura nyingi.

Baba yake alikuwa gereji, akizipaka nta mbao za skii za binti yake ili ziteleze vyema, aliposimuliwa.

"Uliandika ulichoambiwa," akasema. "Hukumdanganya mtu. Achana nayo."

"Siku ile ilikuwa kweli, baba. Sasa si kweli."

"Nani atajua?"

"Mimi. Chakula hakipiti, na darasani nipo kama sipo."

Baba akaendelea kupaka, lakini palepale alipokwisha kupaka. Chuo kile alikuwa ameshawatambia nacho jamaa wote kazini. Mwishowe akasema, "Basi waandikie. Ila usimtupie kocha lawama. Sema yako tu."

Linnea akaandika, akafuta, akaandika tena, akizunguka jikoni na kompyuta mkononi mpaka mama yake akamsihi aketi. Ilibaki mistari michache: yeye si nahodha, kwa kawaida humaliza wa saba au wa nane katika timu, huwafundisha wanaoanza kupanda kilima bila kuanguka.

Chuo kilimshukuru, basi. Katikati ya Desemba, timu ikiwa kwenye basi kuelekea mashindanoni, jibu likaingia kwenye simu: hakuchukuliwa. Sababu hawakutaja. Signe alipomuuliza kulikoni, alimpa simu asome mwenyewe, akageukia dirishani, machozi yakimtoka. Siku hiyo aliteleza kwa hasira, akamaliza wa nne.

Januari akaomba vyuo vingine viwili, na mahali pa cheo hakuandika kitu. Kimoja kikamkubali, kule jimbo jirani la Wisconsin, ng'ambo tu ya daraja kutoka kwao. Alifurahi, na anasoma huko mpaka sasa. Lakini ziko siku hushindwa kukaa kitini, akijiuliza kama ni neno lile moja, nahodha, ndilo lililomkosesha chuo cha kwanza.