Wadudu wa Wahu Hawatakura

Wahu alipofukua shina la tatu alipiga kelele mpaka kuku wakaruka ua. Wadudu wa udongoni, wale wembamba na wagumu kama vipande vya waya, waliommalizia mahindi mwaka jana, walikuwa wamelala chali kando ya mbegu yake nyekundu. Wamekufa! Akaokota kumi, akawatia kwenye mkebe na udongo kidogo, akafunga leso, huyoo mpaka kwa shemeji yake Hiram.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Shamba hilo la Saboti lilikuwa la marehemu mumewe, na Hiram, mdogo wa marehemu, alishasema: wadudu wakimshinda Wahu tena, ekari ile anailima yeye apande viazi vyake. Ndiyo maana Wahu alikwenda Kitale kununua mbegu iliyopakwa dawa. Hiram alipoiona alicheka. "Mbegu imepakwa rangi ya mdomo! Ati inaenda harusi?"

Sasa Wahu akafungua mkebe mbele yake. "Tazama maiti!"

Maiti mmoja akainua kichwa. Mwingine akajikunja, akajikunjua, akaanza kutambaa.

"Shemeji," Hiram akasema huku akifuta machozi ya kicheko, "Pasaka imepita juzi tu, na hawa nao wamefufuka. Jumamosi naleta ng'ombe na plau."

Kesho yake mapema Wahu alikuwa njiani kwenda Bungoma, mkebe mapajani, mpaka Mabanga, ambako Walubengo hufundisha wakulima. Walubengo akamwaga wadudu kiganjani, akawagusa kwa kijiti.

"Hawajafa, shosho," akasema, kama mjukuu kwa bibi yake. "Wamerewa."

"Wamefanya nini?"

"Wamerewa! Kama mtu ametoka krabu ya pombe. Hii dawa haiui wote, wengine inawarevya tu, wiki nyingi. Rakini msimu huu hawatakura."

Wahu akamkazia macho. Mwaka ulikuwa 2007, na picha za wagombea zilijaa kila ukuta. "Kwani, mwalimu, walikuwa wamechukua kadi?"

"Kadi gani?"

"Si za kura!"

Walubengo akacheka mpaka akakaa chini. Akaonyesha mdomo, akatafuna hewa. "Kura, shosho! Kura ugari!"

Ndipo Wahu akatambua: ulimi wa mwalimu uligeuza kila 'l' kuwa 'r'. "Hawatakula! Na wakilevuka?"

"Wakirevuka watakuta mahindi yamekupita urefu. Watie kiazi kwenye mkebe, utaona."

Wahu akaongeza ujanja wake. Akirudi alipitia shamba la Hiram, lililopandwa mbegu ya ghalani isiyo na dawa, akafukua wadudu kumi, akawapa mkebe wao na kiazi chao.

Jumamosi Hiram akafika na ng'ombe wawili, plau, na kofia mpya. Wahu alikuwa amepanga mikebe juu ya kigoda.

"Fungua huu kwanza. Ni wangu."

Wadudu walijinyonganyonga kama walevi waliopotea njia ya nyumbani. Kiazi kizima, hakina hata tundu.

"Na huu?" Hiram akauliza.

Kiazi kilikuwa filimbi. Mdudu mmoja alichungulia tunduni kama mwenye nyumba.

Hiram akainamia mkebe. "Hawa umewatoa wapi?"

"Kwako, shemeji. Mstari wa pili, karibu na kichuguu. Wangu hawatakura. Wako wamepiga kura kitambo, na wamekuchagua wewe."

Hiram aligeuza ng'ombe pale pale, akawaswaga mbio kuelekea shambani kwake, plau ikirukaruka nyuma, kofia ikaanguka asiiokote.

"Shemeji!" Wahu akampigia ukelele. "Rangi ya mdomo bado inauzwa Kitale!"