Sare ya Mwenyekiti

Agosti ikielekea ukingoni, mume wangu Telesphor hupatwa na ugonjwa wa kupanga nyumba. Kijua cha London kikianza kufifia kidogo tu, yeye tayari yuko juu ya ngazi, anashusha makoti darini na kung'oa kaptula kabatini. Mwaka huu aliona mtandaoni kijana mmoja anayekunja soksi kama sambusa, ndipo ugonjwa ukapanda kichwani.

Ingekuwa wiki nyingine ningemwacha apange mpaka achoke. Lakini Jumamosi ile ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti wa rafiki yetu Godbless, ukumbini Neasden, na mwenyekiti wa kamati ni mimi. Kitenge cha sare nilikichagua mwenyewe, zambarau na machungwa, kikaagizwa kutoka Kariakoo kwa vipimo, bila hata kipande cha ziada. Na sheria niliitunga mwenyewe pia, baada ya harusi iliyopita ambapo watu walikuja kila mtu na rangi yake kama mnada: asiyevaa sare atakaa nyuma kabisa, mlango wa jikoni, pamoja na masufuria. Niliitangaza kwenye kikao, nikairudia kwenye grupu, na waliolalamika niliwajibu vibaya.

Fundi alinipa gauni langu na shati la Telesphor ndani ya mfuko mmoja mweusi. Telesphor akatoa shati lake papo hapo, akalijaribu, akalitundika kwenye henga. Gauni likabaki mfukoni, mfuko ukabaki kwenye ngazi. Kesho yake mimi niko kazini, yeye akajaza mfuko mwingine mweusi vitu vya kupeleka duka la cheriti, linalouza mitumba ya msaada, pale karibu na stesheni ya Rayners Lane.

Mnaona wenyewe mambo yalikoelekea. Alhamisi jioni nilifungua mfuko nijaribu gauni langu, nikakuta kaptula zake na mashine ya kuoka mkate isiyo na mfuniko. Telesphor alinitazama, akautazama mfuko, akasema kwa sauti ndogo kwamba kweli ule aliobeba aliuona mwepesi.

Ijumaa asubuhi nilikuwa mlangoni pa lile duka kabla hawajafungua. Dada wa pale alilikumbuka gauni vizuri sana. Alisema lilinunuliwa hata kabla hajamaliza kulitundika.

Nilirudi nyumbani nimenuna, nawaza masufuria. Nilijiona nimekaa kule nyuma, mwenyekiti mzima, na wale niliowajibu vibaya wanapita wakinisalimia kwa upole. Ndipo nikasikia naitwa upande wa pili wa uzio. Ni jirani yetu Maureen, bibi wa miaka sabini na kitu, amesimama katikati ya maua yake ndani ya zambarau na machungwa.

Lilimkaa. Siwezi kusema uongo, lilimkaa kuliko ambavyo lingenikaa mimi. Alizunguka polepole kwa sababu ya goti, akaniambia kwamba tangu mumewe afariki hajavaa kitu chenye rangi, na sasa amelipata hili na hana pa kulivaa. Nilifungua mdomo nimwombe gauni langu. Badala yake nikajisikia namwalika kwenye sendofu. Nilijikasirikia mpaka naingia ndani, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na uso wa yule bibi ulikuwa umeshafurahi.

Jumamosi mchana nilimkuta Telesphor mbele ya kioo, amevaa shati lake, anapiga mluzi. Nilisimama mlangoni nikanyoosha mkono.

"Vua," nikamwambia.

"Sasa mimi nitavaa nini?"

"Vaa chochote ambacho hukupeleka cheriti."

Shati la mwanamume ukilifunga mkanda kiunoni, ukakunja mikono na kutembea kwa madaha, watu hudhani ni mtindo. Wanawake wawili waliniomba namba ya fundi. Wakati wa kuingiza zawadi Maureen alitangulia kundi zima, goti na yote, vigelegele vikalipuka, na mama wa bibi harusi akanong'ona akiuliza yule ni ndugu wa upande gani. Nikasema ni wa kwetu. Mambo yakawa yamenyooka, na mimi nikaketi meza ya mbele, roho kwatu, tukasubiri hotuba ziishe ndipo tule.

Hotuba ya tatu ilikuwa bado mbichi Elinaja, katibu wetu, aliponiinamia sikioni. Yeye ndiye msimamizi wa sheria yangu, na hana mchezo.

"Dada Mwenyekiti, nimemkuta mtu hana sare nikampeleka kwenye masufuria. Kumbe ni shemeji. Tumsamehe, au akae huko huko?"

Niligeuka. Telesphor alikuwa kwenye mlango wa jikoni na koti lake la kijivu, amekumbatia sahani ya pilau iliyojaa pomoni, na mpishi anamwongeza paja la kuku. Meza yetu ya mbele ilikuwa na chupa za maji tu. Miaka yote ya ndoa yetu sijamwona yule mtu na furaha kama ile.

"Msamehe," nikamwambia Elinaja. "Mlete hapa mbele sasa hivi. Sahani aiache huko."