Sahani za Bibi Inge

Wifi yangu Brenda anapenda vitu vikuukuu, na mimi kwa hilo nilimcheka mpaka nikachoka. Ukiingia nyumbani kwake mjini, Kimandolu, utadhani umerudi kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya enzi za wazazi wetu: viti vya miguu myembamba, meza fupi isiyofika hata magotini, taa yenye kofia ya bati. Anavitafuta kwa wauza samani wa Kaloleni na kwa wazungu wanaohama. Anavipiga msasa, anavipaka mafuta, halafu anavipiga picha na kuviweka Instagram, na watu asiowajua wanamwandikia kutoka Nairobi wakimbembeleza awauzie. Hauzi. "Hiki ni cha miaka ya sitini, wifi, mtiki mtupu, kimetengenezwa Denmark," ataniambia. Mimi namjibu kwamba babu yangu ni wa zamani kuliko hicho na hakuna aliyempaka mafuta.

Sasa hivi simcheki. Sina uso wa kumcheka mtu.

Mambo yalianzia kwenye msiba wa baba mwaka jana, kwetu Ngurdoto, njia ya kwenda Momela. Baba ujanani alikuwa dereva wa Bibi Inge, nesi wa Kidenmark aliyekaa kwetu na mumewe miaka mingi. Walipofunga safari ya kurudi kwao, kabati lao la vyombo na viti wakampa baba. Sahani zao, zile nyeupe zenye maua ya buluu, Bibi Inge akawapa akina mama wa usharika zitumike kwenye misiba na sherehe. Tangu nina akili zangu, sikumbuki mtu wa kwetu aliyezikwa bila waombolezaji kula kwenye sahani za Bibi Inge.

Mtunzaji wa sahani hizo alikuwa mama Penina, jirani yetu wa uzio mmoja. Mama yangu alipofariki, huyu ndiye aliyekuwa akimletea baba supu ya mtori asubuhi, na mimi akiniita mwanangu. Stoo ya vyombo ilikuwa yake, na alama zilikuwa zake. Kwetu chombo hakiendi msibani bila alama chini. Mwingine anafunga uzi kwenye mkono wa sufuria, mwingine anakwaruza herufi kwa msumari, mwingine anadondosha rangi ya kucha. Msiba ukiisha wanawake wanaosha, wanapindua kila chombo, wanasoma alama, na kila kimoja kinarudi kwao. Sahani za usharika zilikuwa na doti nyekundu, na kila doti aliitia mama Penina kwa mkono wake.

Basi, siku ya kumaliza msiba wa baba, mvua ikashuka ghafla vyombo vikiwa vimeanikwa nje. Kila mtu akabeba alichoweza akakimbiza ndani. Sisi watoto tulikuwa tumekubaliana kwamba kabati na viti achukue Brenda, maana nani mwingine angevitaka? Mimi mwenyewe nilikuwa nangoja nafasi ipatikane niweke sofa. Kirikuu, kile kigari cha kubebea mizigo, kilikuwa kimeshafika, watu wanapishana mlangoni na matope, macho yangu yamevimba kwa kulia na kichwa kinagonga. Brenda akaja akaniuliza jambo. Nikamjibu bila kugeuka, kwa hasira zangu hizi mnazozijua, akaenda zake.

Vyombo vilipokuja kugawanywa, sahani za Bibi Inge hazikuwepo.

Tukatafuta jikoni, tukatafuta bandani, tukauliza hadi waliokuja kutoka Usa River. Jumapili iliyofuata akina mama tukakaa baada ya ibada. Mama Penina akasema aliziona zikibebwa kuingizwa ndani, zaidi ya hapo hajui. Mimi nikasimama. Mtu aliyetoka kuzika baba yake anasikilizwa, na mimi hilo nilikuwa nalijua. Nikasema sahani hazina miguu. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Jina sikulitaja, lakini macho yangu yalikuwa juu yake, na wote waliona yalipokuwa.

Kwetu mtu haambiwi wewe ni mwizi. Ufunguo wa stoo ulihamia kwa mwingine kwa maneno matamu, eti mama apumzike. Na tangu hapo, kila msiba, mama Penina akijifunga kanga kiunoni kuelekea kwenye beseni, kuna mmoja atakayemshika mkono: "Mama, umechoka wewe, kaa na wageni." Akina mama wa rika lake wanamenya ndizi na kupiga soga jikoni, yeye yuko chini ya turubai kwenye kiti cha plastiki, pamoja na watu waliokuja na magari kutoka mjini. Kwa mwanamke wa kwetu, hiyo ni adhabu kuliko matusi. Alikaa. Hakulalamika. Ila mimi hakuniita tena mwanangu. Nikawa mama Nice, kama ninavyoitwa na muuza duka.

Mwaka huu Princess, mtoto wa Brenda na kaka yangu Solomoni, akapata kipaimara. Wakatualika Kimandolu, na Solomoni akasema mama Penina lazima aje, alimbeba huyu mtoto mgongoni. Nikaona si mbaya. Mtu na ubaya wake, kipaimara ni kipaimara.

Sebuleni nilikuta kabati la Bibi Inge linang'aa hadi sikulitambua mara moja. Kwa kweli lilinipendeza, na nilikasirika kwamba linanipendeza. Tukaketi kwenye viti vya baba, tukaomba, mtoto akakata keki. Brenda akafungua kabati kwa mbwembwe. "Leo nawatolea sahani zangu za thamani," akasema. "Hizi hata Solomoni sijamwonyesha."

Akaanza kugawa. Nyeupe, maua ya buluu.

Jamani, nilijua kabla ya yangu kunifikia. Nilikula kwenye sahani zile nikiwa na meno ya utoto. Nikajiambia labda zinafanana, labda Denmark walitengeneza nyingi. Nikaipindua yangu, keki nikiishikilia kwa kidole. Chini palikuwa na mhuri wa kiwanda, safi, na neno Denmark. Doti hapana. Nikapumua. Kisha nikamtazama mama Penina.

Naye alikuwa amepindua yake. Mwanamke aliyeosha vyombo vya misiba maisha yake yote akipewa sahani lazima ageuze, mkono wenyewe unageuka. Aliitazama chini muda mrefu. Akapitisha kucha kwenye ukingo wa lile duara la chini, polepole, kama anayetafuta rangi. Halafu akainua macho akanitazama mimi, si Brenda. Mimi nikaangalia pazia.

Akaigeuza, akarudisha keki yake, akaila yote. Akamsifu Princess kwa alivyokariri mistari yake kanisani.

Nilimvuta Brenda jikoni, nikafunga mlango. "Sahani hizi umezitoa wapi?"

"Si za baba? Zilikuwa ndani ya kabati."

"Zilikuwa na rangi nyekundu chini?"

"Zilikuwa na uchafu kama rangi ya kucha. Nilitoa kwa asetoni, zote. Ilikuwa imeziba mhuri." Akaona uso wangu, akashika sinki. "Wifi, kuna nini?"

Nikamweleza. Brenda amezaliwa mjini. Kwao wakiwa na shughuli wanakodi wapishi wanaokuja na vyombo vyao na kuondoka navyo. Angeyajulia wapi mambo ya doti? Alisoma mhuri wa kiwanda kwa sababu huo ndio anaoujua kuusoma. Na hakukosea hata, maana kabati na sahani kweli zilitoka nyumba moja. Lakini mimi nilimfokea. Nikamwambia mapenzi yake ya makorokoro yametuaibisha, yametutia wizi kwenye nyumba ya baba.

Akaanza kulia, kwa sauti ndogo ili wageni wasisikie. "Nilikuuliza, wifi. Siku ile ya mvua. Nilifungua kabati nikakuta limejaa, nikaja nikakuuliza, na vilivyomo? Ukaniambia chukua na vilivyomo, na makorokoro yake yote, tuondolee hapa."

Maneno hayo niliyajua. Yalikuwa yangu yale. Hata makorokoro ni neno langu. Kati ya waliokimbia mvua kuna aliyezitia sahani kabatini zisivunjike, hata leo hajajitaja, mimi nikazipakiza kwenye kirikuu kwa mdomo wangu, na Jumapili nikasimama mbele ya watu nikamtazama mama Penina. Nilitamani ardhi ipasuke.

Solomoni akaingia kuuliza mbona tumepotea. Alipoelewa, akakaa juu ya kreti ya soda. "Tufanye hivi," akasema. "Leo ni siku ya mtoto, tusiiharibu. Nitazipeleka mwenyewe nimpe mwenye ufunguo, aziweke nyuma ya masufuria. Zitaonekana zenyewe. Jina la baba litapona."

Nikakubali. Nilikubali upesi, mpaka Brenda akanishangaa. Tukarudi sebuleni, nikachekacheka, nikamwongezea mama Penina chai. "Asante, mama Nice," akasema.

Usingizi haukunijia vizuri siku zile, lakini la kweli nililokuwa nikiliogopa si Mungu. Niliogopa akina mama. Niliwaza watakavyotazamana. Kila nikiwaza, naona tena kile kidole kikipita chini ya sahani. Yule mama anajua. Alijua pale pale, na alikula keki yake yote ili asiharibu siku ya mtoto, tena mtoto wetu. Na zikionekana nyuma ya masufuria, watasema nini? Watasema Penina kazirudisha kwa siri. Hilo ndilo lililoniinua. Nikampigia Solomoni, nikamwambia asizipeleke popote, aniletee mimi.

Haukupita muda tukapata msiba, jirani wa bondeni. Nikaenda na sahani kwenye beseni, nimezifunika kanga. Brenda alitaka kuja tusimame wote, nikamkatalia. Akina mama walikuwa jikoni, moshi mtupu, ndizi zinamenywa. Nikaweka beseni chini, nikafunua.

Nikasema. Sikuzunguka. Nilisema zilikuwa Kimandolu, kwa kaka yangu, na aliyeamuru zichukuliwe ni mimi. Nilisema alama imefutwa na wifi yangu kwa kutojua, na mimi nilimsingizia mama Penina nikiwa sijui lolote, ila hasira. Uso uliniwaka kama nimeinamia mafiga. Kisu cha mtu kiliendelea kumenya kidogo, kikaacha. Nikaona wengine nao wanaangalia chini, wale waliomshika mkono na kumwambia kaa na wageni.

Mwishowe Tekla, aliyepewa ufunguo wa stoo, akasema, "Basi mama arudi kwenye vyombo vyake." Wote wakaitika kwa haraka, kama watu waliotupiwa kamba. Akautoa ufunguo kifuani, akanitia mkononi.

Mama Penina alikuwa chini ya turubai, kiti cha plastiki, safu ya wageni. Kwetu hatumpigii magoti mtu hovyo, lakini nilichuchumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimewaeleza wote jikoni. Kosa lilikuwa langu, si lako. Nisamehe, mama. Ufunguo huu hapa. Njoo jikoni, wanakusubiri."

Alinitazama kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza. Aliufunga mkono wangu, ufunguo ukiwa ndani.

"Nimekusikia," akasema. "Kusamehe nimesamehe tangu kule Kimandolu. Ila nenda, mama Nice. Mimi nimeshazoea kukaa na wageni."

Nikarudi jikoni na ufunguo, wakauona mkononi mwangu. Chakula kilipoiva niliomba nimpelekee mimi. Nikampakulia ndizi na nyama kwenye sahani ya Bibi Inge, nikampelekea kwa mikono miwili, naye akala taratibu akiongea na bwana mmoja wa mjini habari za mvua. Nilisimama kando na birika la maji ya kunawa, nikisubiri, kama msichana aliyeolewa jana.

Alipomaliza akanawa, akajifuta kwa ncha ya kanga. Halafu akaigeuza sahani, mkono wake ukageuka wenyewe. Akaitazama chini, akanikabidhi.

"Hii haina alama," akasema. "Itapotea."