Pembe ya Upande wa Kibla

Vumbi la chokaa liliingia nyumbani kabla ya chokaa yenyewe. Lilitoka ufuoni Msambweni, kwenye tanuri la matumbawe lililokuwa likiwaka siku ya tatu sasa, likatua juu ya mikeka, juu ya mitungi, juu ya kope za watu. Esha akalifuta, likarudi. Akalifuta tena, likarudi. Na kila liliporudi, moyo wake ulimlipuka, kwa kuwa alijua linatangulia nini.

Nyumba ilikuwa ya ushirika: vyumba vinne, kaya nne, warithi wa mzee mmoja, na sakafu moja iliyochakaa. Sakafu gani hiyo, jamani! Ukiusimamisha mtungi, unalala. Ukitandika mkeka, unaamka mgongo una mabonde. Basi mwaka ule wa hamsini na tano wenye nyumba wakakutana, wakaulizia bei ya saruji ya Mombasa, wakatazamana, wakacheka kicheko cha mtu asiye na kitu. Chokaa basi! Wanaume wachome, wanawake wabebe na kuponda, na fundi Chirau alishwe mpaka amalize. Kila mtu akasema naam. Esha naye akasema naam. Angesema nini?

"Ya kale ing'olewe yote," akasema fundi Chirau, "mpaka udongo mwekundu uonekane. Na mwenye chumba asing'oe chake. Mtu huihurumia sakafu yake, akaacha vipande. Mtabadilishana."

Chumba cha Esha akapewa Mishi wa chumba cha pili aking'oe. Esha alikuwa na mimba ya miezi minane, na mimba yote ikaingia baridi.

Chini ya kitanda, upande wa kibla. Huko ndiko mkunga Mbodze alikokuwa amelizika kondo la nyuma la Chiku, binti yake, miaka saba iliyopita, ndani ya chungu kidogo. "Mdomo juu," bibi yule alimwambia. "Adui akikipindua, kizazi chako kimepinduka. Asipajue mtu ila mimi na wewe." Kisha Mbodze akafa, akamwachia Esha siri yote peke yake.

Na baada ya Chiku, Esha alizaa mara mbili. Mara mbili alitega sikio, na mara mbili mtoto hakulia.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wasemavyo, naye Esha alikuwa amekwisha kumchagua aliyemla. Mishi alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyeachwa kwa kukosa mtoto, akarudi kukaa chumba cha pili na sanduku lake moja. Nani mwingine? Nani alikuwa akimbeba Chiku mpaka watu wakadhani ni wake? Esha hakumtamkia neno baya hata siku moja. Alimsalimia, alimpakulia, alimchukia. Chini ya kitanda, upande wa kibla: kila usiku alilala juu ya pembe ile kama anayelalia mlango.

Kitanda kikatolewa uani. Jembe likaanza. Esha akakaa kizingitini, eti anachambua mchele, na hakuna punje aliyoiona. Chokaa kuukuu ikapasuka vigae vigae. Jembe likavuka katikati ya chumba. Likageukia kibla. Ewe jembe, pofuka! Ewe udongo, funga kinywa chako!

Jembe likagonga kitu, ko.

Mishi akaliweka chini. Akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Esha akanyoosha shingo pale kizingitini. Aliuona mgongo wa Mishi tu, umeinama, na viwiko vikitembea polepole. Kinachofanyika mbele ya mgongo ule hakukiona. Ulipita muda wa mtu kusoma Fatiha. Kisha viganja vikaanza kurudisha udongo na kuushindilia.

"Fundi!" Mishi akaita. "Pembe hii ina mwamba. Tuiache hivi hivi, tutaokoa makapu mawili ya chokaa."

"Iacheni," fundi akajibu kutoka ukumbini. "Chokaa yenyewe haitoshi."

Mishi akatoka, mikono myeupe hadi viwikoni. Akainama karibu na sikio la Esha kama anayeokota punje ya mchele.

"Kilikuwa mdomo juu, wifi. Sikukigusa ila kukifunika."

Mdomo juu! Miaka saba yote, mdomo juu. Esha akamtazama, akamsadiki, na laiti asingemsadiki, kwani papo hapo hofu yake ilikosa pa kukaa. Alikuwa na adui mwenye jina na chumba, ambaye angeweza kumchunga. Sasa hana. Wale wawili, basi, aliyewala ni nani? Ni nini? Na huyu je, anayemgonga ubavuni? Akalia juu ya ungo wa mchele, kwa hofu na kwa aibu, na Mishi akadhani ni uchungu umeanza.

Wakaimwaga chokaa. Wanawake wa kaya nne wakapanga mstari, wakaiponda kwa vipande vya mti siku tatu, wakiimba, nayo sakafu ikanyooka hata mtungi ukasimama. Pembe ile ikabaki udongo mtupu.

Mwezi uliofuata, adhuhuri, Esha akajifungua. Akatega sikio. Kimya. Kimya kile kile anachokijua. Akafumba macho.

Mtoto akalia.

Mkunga mgeni akauliza pa kulizika kondo. Esha akamwita Mishi, akampa chungu kipya mkononi. Kilikuwa kimekaa rafuni tangu siku za kuponda, kina vumbi la chokaa, jeupe, jepesi, na safari hii Esha hakulifuta. Alimwonyesha pembe.

"Chimba wewe, wifi."

Mishi akalichukua jembe.

"Mdomo juu," Esha akamwambia.

"Najua," akasema Mishi.